Mahindi Meusi ya Malindi: Rangi Ni ya Kweli, Lebo Imevuka Mpaka

Duka ninalolizungumzia hapa ni dogo, liko nyuma ya msongamano wa soko la Malindi, halina bango, na wateja wake hulitambua kwa jina la "kwa mahindi meusi". Huuza punje nzima za mahindi meusi, mekundu na ya manjano, unga wa aina mbili unaosagwa kwenye kinu cha jirani (wa pumba, usiokobolewa, na mlaini, uliokobolewa), na sharubati ya baridi inayotengenezwa kwa mahindi hayo hayo. Nianze na hukumu, kwa sababu wapo watakaosoma sehemu hii peke yake: punje na sharubati zinastahili bei yake, unga wa pumba unafaa ukinunuliwa siku uliposagwa, unga mlaini ni wa kuachwa rafuni, na lebo iliyobandikwa kwenye mifuko yote inapaswa kung'olewa na kuandikwa upya.

Mwenye duka anasema mahindi yake hutoka kwa wakulima wa Magarini, kutoka mbegu ambazo familia hujiwekea msimu hadi msimu. Dai hilo halinishangazi. Wamijikenda wana mbegu zao za kienyeji zenye majina yao, mdzihana, mingawa na kanjerenjere miongoni mwa zinazojulikana zaidi, na wakulima wengi wa Pwani waliendelea kuzipanda hata baada ya mbegu zilizoboreshwa kwa ajili ya ukanda huu, kama vile Pwani Hybrid, kufika madukani. Hata hivyo asili ya mahindi yote, meupe kwa meusi, ni Mexico, yalikofugwa na wakulima kutoka kwenye nyasi ya mwituni yapata miaka 9,000 iliyopita. Vasco da Gama alipotia nanga hapa Malindi mwaka 1498 Mswahili alikuwa akila mtama na mchele. Mahindi yalikuja baada yake, katika zama za Wareno. Nayataja haya kwa kuwa lebo inaiita bidhaa hii "nafaka ya kale ya Kiafrika", jambo ambalo si sahihi na wala halikuhitajika ili kuiuza.

Punje zenyewe ni za kuvutia, na mnunuzi makini atafaidika kuziangalia kwa karibu kabla ya kulipa. Niliziloweka chache usiku kucha, kisha nikazimenya ganda kwa ukucha. Zile nyekundu zilitoa ganda lenye rangi yenyewe, na chini yake wanga mweupe pepe. Zile zilizoonekana nyeusi ziligawanyika: baadhi zilikuwa na ganda la zambarau iliyokolea, na nyingine ganda lao lilitoka wazi kama karatasi ya nailoni, huku rangi ya samawati ikibaki chini yake, katika utando mwembamba unaozunguka wanga na uitwao aleuroni. Maana yake ni kwamba ndani ya mfuko mmoja kuna mbegu za nasaba tofauti zilizochanganyika shambani, jambo la kawaida kwa mmea unaopeperusha chavua yake kwa upepo. Chache zilikuwa na madoadoa na michirizi, nyeupe juu ya zambarau, ambazo mteja mmoja aliyekuwa kando yangu alizitenga akidhani zimeoza. Hazikuoza. Ni punje za namna hiyo alizozichunguza mwanasayansi wa Marekani, Barbara McClintock, akagundua kwamba vipande vya urithi ndani ya seli vinaweza kuhama kutoka mahali pamoja hadi pengine na kuzima au kuwasha rangi; kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1983.

Rangi ya zambarau na ya samawati hutokana na kundi la viambato vya mimea viitwavyo anthosianini, na katika mahindi kiambato kikuu cha kundi hilo ni sianidini-3-glukosidi. Wekundu unaoelekea rangi ya tofali mara nyingi hutokana na kundi jingine, flobafeni, ilhali umanjano hutokana na karotenoidi. Vyote hivi huhesabiwa miongoni mwa antioksidanti, yaani viambato vinavyoweza kutuliza molekuli kali zinazozalishwa na mwili katika kazi zake za kila siku na ambazo zikizidi huharibu seli. Hadi hapo muuzaji yuko sahihi, na rangi anayoiuza si ya kupakwa: niliisugua punje mbichi kwa kitambaa cheupe kilicholowa maji matupu na hakikushika doa, lakini nilipotia ndimu katika maji ya kulowekea yaligeuka mekundu ya waridi, jambo ambalo anthosianini hufanya penye ukali.

Jambo ambalo muuzaji halisemi, na ambalo lingemsaidia kuuza kwa uaminifu zaidi, ni kwamba antioksidanti iliyo nyingi kuliko zote katika mahindi haina rangi. Inaitwa asidi feruliki, nayo imo katika mahindi meupe ya sokoni pia. Sehemu kubwa yake imefungamana na nyuzinyuzi za ganda, kwa hiyo haitoki kirahisi tumboni. Hufika utumbo mpana, ambako bakteria huiachia kidogo kidogo. Wenyeji wa Mexico huchemsha mahindi kwa maji ya chokaa, na chokaa hiyo hulegeza ganda, huachilia kiasi cha asidi hiyo na pia hufungua vitamini ya niasini ambayo mahindi yasiyopikwa hivyo huifungia. Pwani yetu inaijua chokaa ya kula kupitia tambuu, lakini sijaona mtu hapa akiitumia kwa mahindi, na duka hili halijajaribu. Wakijaribu siku moja wakumbuke kwamba chokaa hupoteza sehemu ya anthosianini, kwa hiyo mtu hapati yote mawili kwa chungu kimoja.

Kutokana na hayo msomaji ameshaona kwa nini naukataa ule unga mlaini. Unga huo hutokana na mahindi yaliyokobolewa, yaani yaliyoondolewa ganda na kiini kwanza, ndipo yakasagwa, na duka huuuza kwa bei ya juu kuliko ule wa pumba kwa kuwa kazi yake ni kubwa na sima yake ni laini. Lakini ganda na utando ulio chini yake ndimo rangi ilimo, na ndimo asidi feruliki ilimo. Kinu kikishavipeleka kwenye pumba za kuku, kinachobaki ni wanga wenye kivuli cha kijivu. Nilipouweka unga huo kando ya unga mweupe wa kawaida kwenye sinia, tofauti ilihitaji mwanga wa dirishani kuonekana. Kuutoza mteja zaidi kwa kumwondolea kile alichokifuata ni biashara ya ajabu, ingawa nadhani imefanyika kwa kutojua na si kwa hila, kwa sababu muuzaji aliniambia kwa fahari kabisa kwamba kuku wake wanataga vizuri.

Unga wa pumba ni habari nyingine. Una chenga zinazosikika mdomoni, harufu yake ni nzito kidogo kama ya njugu, na huhitaji maji zaidi na moto wa pole kuliko unga wa pakiti. Sima yake haina ule mnato unaoruhusu tonge kufinyangwa bila kukatika, kwa hiyo wanaoila kwa mchuzi mwepesi watahangaika. Kwa mchicha wa nazi, kunde au samaki wa kupaka inakaa vizuri sana. Rangi ya sima ndiyo itakayozua maneno mezani. Ikipikwa kwa maji ya mfereji hutoka zambarau iliyofifia. Ikipikwa kwa maji ya visima vyetu, ambayo yamepita kwenye mwamba wa matumbawe na yamebeba chokaa, huelekea kijivu chenye usamawati, rangi ambayo jamaa mmoja nyumbani aliifananisha na saruji mbichi na akakataa kuigusa. Hakuna kilichoharibika. Anthosianini hubadilika rangi kulingana na maji: penye ukali wa ndimu au ukwaju ni nyekundu, penye maji ya kawaida ni zambarau, na penye magadi ni samawati hadi kijani. Anayepika uji kwa ajili ya watoto na akautia ukwaju au ndimu kidogo mwishoni atapata rangi ya waridi ambayo hawaikatai, na zaidi ya hapo ukali huo husaidia anthosianini kutochakaa upesi. Wale wenye mazoea ya kutia magadi ili mahindi yaive haraka wayaache kwa mahindi haya, kwa maana magadi yanaharibu hicho hicho walichokilipia.

Kitu bora kuliko vyote katika duka hili ni sharubati, ambayo kwa bahati mbaya imewekwa pembeni kama jambo la kupoza koo tu. Mwenye duka aliipata namna yake kwa watu wa Peru kupitia video. Huko kuna mahindi ya zambarau iliyokolea mno ambayo huchemshwa pamoja na maganda ya nanasi, mdalasini na karafuu, kisha hutiwa ndimu na sukari, na kinywaji hicho huitwa chicha morada. Kwa Malindi ni kana kwamba kilibuniwa hapa: viungo vyote vinapatikana katika mwendo wa dakika chache sokoni, na ladha yake, iliyo kati ya sharubati ya ukwaju na chai ya viungo isiyo na majani, haihitaji kuelezwa kwa mtu wa Pwani. Jambo la busara analolifanya ni kuchemsha magunzi pamoja na punje. Katika mahindi ya namna hiyo gunzi nalo limejaa anthosianini, na kwa vile hakuna anayetafuna gunzi, njia pekee ya kuipata ni kuichemsha itoke kwenye maji. Anthosianini huyeyuka katika maji kwa urahisi, kwa hiyo hata anayechemsha mahindi haya ya kula nyumbani asimwage maji yake. Lawama yangu kwa sharubati ni moja, nayo ni sukari. Gilasi ninayopewa ni tamu kupita kiasi, na ombi la kupunguziwa halina maana kwa kuwa sukari hutiwa sufuriani mapema. Ingetosha kuiuza bila sukari na kuweka kopo mezani.

Mahindi ya manjano duka linayo pia, lakini yamewekwa chini kabisa, na muuzaji huyataja kwa sauti ya kuomba radhi. Chuki hiyo ina historia. Katika ukame wa mwaka 1984 mahindi ya manjano yaliagizwa kutoka ng'ambo kama chakula cha njaa, na kizazi kilichoyala wakati huo bado kinayahesabu kuwa chakula cha msaada au cha mifugo. Ni hasara. Umanjano wake ni luteini na zeaksanthini, karotenoidi mbili ambazo mwili huzikusanya kwenye sehemu ya katikati ya retina, mahali panapohusika na kuona kwa undani, pamoja na kiasi fulani cha zile ambazo mwili huzigeuza kuwa vitamini A. Mahindi meupe hayana viambato hivyo kwa kiwango cha kutajika, na ndiyo sababu Zambia mwaka 2012 iliidhinisha mbegu za mahindi ya rangi ya chungwa zilizozalishwa makusudi ili kuongeza vitamini A kwenye sima. Karotenoidi haziyeyuki katika maji. Huhitaji mafuta ili ziingie mwilini. Mpishi wa Pwani hana haja ya kufundishwa la kufanya, kwa kuwa mahindi ya nazi yalikuwepo kabla ya maabara yoyote kupima luteini. Niliyapika ya manjano kwa tui zito, na yalikuwa bora kuliko yale meusi, ambayo yakipikwa kwa nazi hutoka na rangi ya majivu isiyovutia jicho.

Sasa lebo. Imeandikwa kwamba mahindi haya "hutibu sukari, huzuia saratani na husafisha damu". Nilimuuliza muuzaji msingi wa maneno hayo, naye akanionyesha ujumbe uliosambazwa kwenye simu. Upo utafiti wa kweli nyuma ya uvumi huu: mwaka 2003 watafiti wa Japani walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba panya waliolishwa chakula chenye mafuta mengi pamoja na rangi iliyotolewa kwenye mahindi ya zambarau hawakunenepa kama wenzao, na sukari yao ya damu ilikuwa na nafuu. Lakini walikuwa panya, na walichopewa ni rangi iliyochujwa, si sima. Binadamu akila anthosianini, sehemu ndogo tu ndiyo huingia kwenye damu ikiwa nzima. Nyingi huvunjwavunjwa njiani, na manufaa ya mabaki hayo bado yanachunguzwa. Hata vile vipimo vya maabara vinavyopanga vyakula kwa nguvu ya antioksidanti, ambavyo wafanyabiashara huvipenda, vilipoteza heshima pale Wizara ya Kilimo ya Marekani ilipoiondoa orodha yake ya vipimo hivyo mwaka 2012 kwa sababu ilikuwa ikitumiwa vibaya na watangazaji wa bidhaa na kwamba namba za ndani ya chupa hazitabiri kinachotokea ndani ya mwili.

Tatizo la lebo hii si la kitaaluma. Mahindi meusi ni mahindi; takriban asilimia 70 ya punje kavu ni wanga, na wanga huo hupandisha sukari ya damu uwe umevikwa ganda jeusi au jeupe. Mzee mwenye kisukari akisoma "hutibu sukari" akajiongezea sima na kupunguza dawa, gilasi ya sharubati tamu kando yake, atafika hospitalini kwa sababu ya kipande cha karatasi. Lebo ya kweli ingesema kwamba unga huu ni wa nafaka nzima, una nyuzinyuzi na anthosianini ambazo unga uliokobolewa hauna, na maneno hayo yangetosha kabisa kumshawishi mnunuzi.

Vilevile lebo haina tarehe ya kusagwa, na hapa nina malalamiko ya mnunuzi wa kawaida. Unga wa nafaka nzima una kiini, kiini kina mafuta, na mafuta hayo katika joto na unyevu wa Malindi huchacha upesi. Mfuko mmoja nilioununua ulikuwa na uchungu ulionasa nyuma ya ulimi, na muuzaji, nilipourudisha, aliubadilisha bila ubishi kwa kunisagia mwingine nikiwa nimesimama. Huduma hiyo naisifu. Tangu hapo sichukui mfuko uliokaa rafuni, ambao kwa kuwa ni wa nailoni angavu na hupigwa na jua la asubuhi, unapoteza rangi pamoja na ladha.

Kuhusu usalama, nilifurahi kuona kwamba duka hupima ukavu wa mahindi kabla ya kuyapokea. Njia yao ni ile ya chumvi: punje hutiwa kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, hutikiswa, na chumvi ikinata kwenye kioo gunia hurudishwa. Ni njia nzuri ya kienyeji, ila inakamata unyevu unaozidi takriban asilimia 15, ilhali kiwango kinachokubalika Kenya kwa mahindi ni asilimia 13.5. Gunia la asilimia 14 litapita mtihani wa chupa na kuanza kuota ukungu ghalani. Sumu ya ukungu huo, aflatoksini, haionekani wala haiondolewi kwa kupikwa, na mwaka 2004 iliua watu 125 huko Makueni, Kitui na maeneo ya jirani, waliokula mahindi yao wenyewe yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Kwa mahindi meusi kuna ugumu wa ziada: ukungu wa kijani hauonekani kirahisi juu ya ganda la zambarau. Kipima unyevu cha betri si ghali kwa duka linalouza magunia, na ningependa kukiona kaunta kabla ya kitu kingine chochote.

Kilo ya unga wa pumba ni shilingi 220, kiasi kinachopita pakiti ya kilo mbili ya unga wa kawaida, na haki inanitaka niseme kwamba pakiti hiyo nayo ina lake. Tangu 2012 sheria ya Kenya huwataka wasagaji wa unga wa pakiti kuongeza vitamini A, madini ya chuma, zinki na foliki, na unga wa kinu cha mtaani hauongezwi chochote. Nyumba yenye mama mjamzito isihamie kwenye mahindi meusi moja kwa moja ikidhani imepanda daraja. Mimi nimeyaweka kwenye uji wa asubuhi na sima ya mara moja moja, na unga wa kawaida umebaki jikoni kwa siku nyingine.

Punje nzima ni shilingi 160 kwa kilo, hudumu kuliko unga, na kinu cha jirani husaga kiasi chochote hata nusu kilo. Anayekwenda aende asubuhi, kwa maana sharubati huisha kabla ya adhuhuri, na aseme mapema kwamba hataki kukobolewa, la sivyo fundi wa kinu hukoboa kwanza na kuuliza baadaye.